Ng'ombe wa udongo na daftari la mistari

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Sabasaba. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo, anakwenda Singida, Tabora hadi Mwanza, na katika wiki mbili nyumbani anakaa siku tatu au nne tu. Naomba uisome barua yangu yote ndipo unishauri, maana kwangu amani imepungua, na chanzo ni udongo.

Mwanangu wa kwanza ni wa kiume, ametimiza miaka minne mwezi wa Aprili. Januari tulimwandikisha chekechea moja ya kulipia. Ada ni laki tatu na nusu kwa muhula, bado gari na hela ya uji. Siku ya kumwandikisha tuliahidiwa kwamba ikifika Desemba mtoto atakuwa anasoma na kuandika. Kila jioni anarudi na daftari: mstari wa juu ameandika mwalimu, iliyobaki ajaze yeye. Herufi "a" ukurasa mzima, kesho yake "e" ukurasa mzima. Mwanangu hawezi. Anaishika penseli kama mtu anayesonga ugali, anaikandamiza mpaka karatasi inachanika. Chini mwalimu anaandika kwa wino mwekundu: "Mchezo mwingi. Mzazi afuatilie." Tangu Mei akiiona sare asubuhi analia. Ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha kabla hajafikisha miaka mitatu. Siku moja namwogesha, nikaona vidole vina alama. Kumuuliza, akasema amepigwa rula kwa sababu "a yangu imelala."

Jirani yangu ana binti wa umri huohuo, wako shule moja. Yule anaandika moja mpaka hamsini. Wageni wakija anaitwa sebuleni, anasimama wima, anatoa shairi la Kiingereza, anapigiwa makofi. Mume wangu akiona hivyo ananigeukia mimi.

Sasa udongo. Juni mama mkwe alikuja kutoka Bahi wakishavuna mtama. Alileta ubuyu, mlenda mkavu na mfuko wa udongo mweusi wa mbugani, ule unaonata. Nikadhani anataka kufinyanga chungu, kumbe ni wa mjukuu wake. Wiki mbili walishinda uani wakifinyanga ng'ombe na kujenga zizi kwa mabua. Tangu bibi aondoke, mtoto hana habari na kitu kingine. Akirudi shule anatupa begi, moja kwa moja nyuma ya pipa la maji. Ana ng'ombe saba na kila mmoja ana jina lake. Wiki iliyopita nilimsikia anasema peke yake: "Mmoja hayupo. Walikuwa saba, sasa sita. Nani amelala malishoni?" Akainuka, akazunguka uani, akampata chini ya karai. Akamrudisha zizini na kumwambia, "Wewe subiri, maji bado, wadogo wanywe kwanza."

Mimi nilikuwa nimesimama na daftari mkononi, mistari yote mitupu. Hasira ikanipanda. Nikamvuta mkono, nikawakanyaga wale ng'ombe wote. Shangazi, hakulia. Aliwatazama, akaingia ndani, akakaa. Usiku hakula mpaka binti anayenisaidia kazi alipompa simu aangalie katuni.

Mume wangu anasema mama yake ndiye anayemharibu mtoto, anataka tumtafutie tuisheni ya jioni. Mama mkwe naye hajanipigia simu tangu asikie habari ya ng'ombe. Sisi wenyewe hatukusomeshwa sana, sitaki mwanangu aanze akiwa nyuma. Nimwondolee udongo? Nimpeleke tuisheni? Au nikubali tu kwamba nina mtoto mzito?

Mama Wawili, Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua nimeisoma yote kama ulivyoomba, na mahali pamoja nimeparudia mara tatu. Ni pale kwa ng'ombe aliyepotea.

"Walikuwa saba, sasa sita." Hiyo ni hesabu ya kutoa. Hakuna aliyemwandikia ubaoni. Mtoto wa miaka minne ameishika idadi kichwani, ameilinganisha na anachokiona mbele yake, amejua pengo ni la mmoja, akaenda kumtafuta huyo mmoja hadi akampata. Kuzitamka namba moja mpaka hamsini ni kitu kingine. Mtoto anaweza kuziimba zote kama kiitikio cha ngoma, ukamwekea karanga nne na karanga tano asijue penye nyingi ni wapi. Simsemi binti wa jirani, huenda anajua vizuri tu. Ninachosema ni kwamba jioni ile mwanao alikuwa anafanya hesabu mbele ya macho yako, na wewe ulikuwa unamwangalia kupitia daftari.

Halafu akasema, "Wewe subiri, wadogo wanywe kwanza." Pima maneno hayo. Kuna kanuni ndani yake, kuna zamu, kuna huruma kwa mdogo. Kuna pia sentensi iliyonyooka, yenye sababu. Mtoto anayemwambia ng'ombe asubiri anajifundisha yeye mwenyewe kusubiri. Ukimwamuru akae kimya dakika kumi atakushinda, lakini akiwa mchungaji ataisubiri zamu ya maji hata nusu saa, kwa sababu mchezo wake ndio unaomtaka asubiri. Huko kujizuia ndiko mwalimu wa darasa la kwanza atakakokuja kukitafuta kwa mwanao kabla ya kitu kingine chochote. Nimefundisha watoto wa awali miaka mingi, Kongwa na hapa mjini, na walionisumbua zaidi hawakuwa wale wasiojua herufi. Walikuwa wale ambao hawajawahi kucheza na mwenzao, hawajui kungoja, wakinyang'anywa kitu kidogo wanauma.

Kuna mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyeishi kati ya mwaka 1896 na 1934. Aliandika juu ya mtoto anayepanda fimbo na kuiita farasi. Alisema pale mtoto anajifunza kukitenganisha kitu na maana yake: fimbo anaiona ni fimbo, lakini kwa sasa inasimama mahali pa farasi. Na kusoma ni nini kama si hicho? Ile "a" iliyomponza mwanao ni mkwaruzo tu kwenye karatasi, uliosimama mahali pa sauti. Anayejua kwamba donge la udongo ni ng'ombe mwenye jina ameshaanza safari ya kuelekea kwenye herufi, na ameianza kwa mlango ulio rahisi kwake.

Kwa nini basi penseli inamshinda? Mkono wa mtu mzima una mifupa midogo 8 kwenye kifundo. Mtoto anapozaliwa, hiyo yote bado ni gegedu laini, na inageuka mfupa mmoja baada ya mwingine kadiri miaka inavyokwenda. Akiwa na miaka minne kazi hiyo bado inaendelea, na misuli midogo ya vidole nayo bado haijapata nguvu. Ndiyo maana anaishika penseli kwa ngumi nzima, na ndiyo maana karatasi inachanika. Sasa nikuulize, mkono huo unapataje nguvu? Kwa kukanda, kufinyanga, kubana, kuchomeka bua kwenye udongo, kuchongoa pembe mbili ndogo za ng'ombe kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada. Wewe ni fundi, jaribu sasa hivi: shika sindano, halafu jifanye unabana pembe ya ng'ombe wa udongo. Vidole ni vilevile. Mama mkwe wako, bila daftari wala ada, alimletea mjukuu wake kitu ambacho mkono wake ulikuwa unakihitaji.

Kwa hiyo udongo usiuondoe, na tuisheni usimpeleke. Hata haraka yenyewe sijui ni ya nini. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6, akiwa ametanguliza mwaka mmoja wa awali. Mwanao ana takribani miaka miwili mbele yake. Na hata huo mtaala wa awali wa serikali unamtaka mwalimu afundishe kwa michezo, nyimbo, hadithi na kona za kujifunzia zenye vitu vya kushika. Ukurasa mzima wa "a" kwa mtoto wa miaka minne haukuagizwa na nchi. Ni ahadi ya biashara waliyokupa siku ya kumwandikisha, na sasa anayeilipa ni mtoto.

Hapo kwenye rula nitasema bila kuzunguka. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akirudia, tena anaikimbia sare, ana hofu. Nenda shuleni wiki hii. Kafunge kibanda nusu siku, wateja watakuelewa. Usiende kugombana. Omba kukaa nyuma ya darasa saa nzima. Tazama kama kuna mchanga, vizibo, mbao, wanasesere, hata wa matambara. Tazama watoto wanatoka nje mara ngapi, na mwalimu akiulizwa swali anajibu vipi. Kisha zungumza na mkuu wa shule kuhusu vidole vya mwanao na umwambie kwamba hutaki apigwe. Wakikuahidi na ukaona wamebadilika, vema. Wakikucheka, au wakikwambia kila mtoto hupigwa, mtoe, hata kama ada ya muhula itapotea, na umweleze afisa ustawi wa jamii wa kata yako. Kuna vituo vya kulelea watoto na madarasa ya awali ya serikali ambako watoto wanacheza kweli. Zunguka na utazame kwa macho yako, usitishwe na rangi za ukutani. Kukojoa kukiendelea hata baada ya hofu kuondoka, au akilalamika maumivu, au akawa anakunywa maji kupita kawaida, mpeleke kituo cha afya wampime.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi inaweka chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kisha hapohapo inaweka haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Mwaka 2021, tena hapahapa Dodoma, serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomwangalia mtoto tangu mimba hadi miaka 8. Humo ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio vimewekwa safu moja na afya na lishe. Neno "mwitikio" lina maana ya kawaida tu: mtoto anasema kitu, nawe unaitika. "Nani amelala malishoni?" lilikuwa swali, na lilihitaji mtu wa kulijibu.

Kuhusu mumeo, usimpelekee maneno ya sheria, hayatamsogeza. Anaihangaikia ada kwa sababu anaitafuta barabarani usiku, na hofu yake kwamba mtoto ataachwa nyuma inatoka kwenye upendo. Akirudi, ameshakula na amepumzika, muulize lori lake la kwanza kabisa alilitengeneza kwa kitu gani. Nitashangaa kama halikuwa la waya au la mabua, lenye matairi ya ndala zilizokatwa. Mwache akueleze alivyolipindisha likakata kona. Ukimwona ameanza kuonyesha kwa mikono, ndipo umpe habari ya Jamaika.

Mjini Kingston, kati ya mwaka 1986 na 1987, watafiti waliwaandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii saa moja kwa wiki kwa miaka miwili. Hakwenda kufundisha herufi. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe na kuzungumza naye, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na mabaki ya nyumbani. Watoto hao wakafuatiliwa mpaka wakawa watu wazima. Walipofikisha miaka 22 hivi, waliochezeshwa walikuwa wanapata kipato kilichozidi cha wenzao wasiochezeshwa kwa asilimia 25. Mwambie mumeo hivyo kwa lugha ya hela, dereva anaielewa.

Mambo ya uani nitayapitia haraka, maana najua udongo una shida zake. Asiuweke mdomoni, na anawe kwa sabuni kabla ya kula. Dawa ya minyoo inatolewa Juni na Desemba pamoja na matone ya vitamini A, kama Juni ilikupita usikubali Desemba ikupite. Pipa la maji lifunikwe kwa kifuniko kizito. Na karai na mawe vigeuzwe na mtu mzima kwanza, wewe unawajua nge wa Dodoma. Kama tatizo ni maji, maji ya kusuuzia mboga yanatosha kabisa kulainisha udongo. Nguo moja chakavu iwe ndiyo ya ng'ombe, usimfulie sare kila siku.

Simu ndiyo ingenitia wasiwasi mimi kuliko udongo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 asizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Linasema pia mwili wake uwe kwenye mwendo saa 3 kwa siku zikijumlishwa, na alale saa 10 hadi 13. Ukimweka darasani asubuhi, tuisheni jioni na katuni usiku, hizo saa tatu za kukimbia zitatoka wapi? Binti anayekusaidia usimgombeze. Alimwona mtoto hali chakula, akatumia alichonacho. Kaa naye umfundishe kombolela, kuruka kamba, mdako kwa kokoto. Huenda anaijua michezo hiyo kukuzidi, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kucheza na mtoto ni sehemu ya kazi yake.

Umeuliza kama mtoto ni mzito. Mtoto anayewapa ng'ombe majina, akazungumza nao kwa sentensi kamili na akajua kwamba mmoja hayupo sina sababu ya kumwita mzito. Ningekwambia umwahishe kliniki kama angekuwa haitiki akiitwa jina, haigizi chochote, hatafuti macho ya mtu, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea. Wako si huyo.

Limebaki lile la kukanyaga. Nimeliacha mwisho kwa kuwa najua ndilo lililokufanya uandike. Ulisema hakulia. Mtoto anayenyamaza hivyo ameamua kwamba kitu chake si salama mbele yako, na hilo linarekebishika, bado ni mdogo sana. Mpigie kwanza mama mkwe. Usijitetee. Mwambie, "Mama, nilikosea, naomba udongo mwingine." Atakuja, au ataleta kwa mtu wa basi la Bahi. Udongo ukifika, usimkabidhi mtoto ukaondoka. Vaa kanga kuukuu, kaa naye chini nyuma ya lile pipa, umwambie kwamba uliwakanyaga ng'ombe wake na hukufanya vizuri. Kisha mwombe akufundishe. Atakuonyesha mgongo unaanza wapi na pembe zinabanwaje. Wako atatoka mbaya, na atakusahihisha kwa sauti ileile anayoisikia kwa mwalimu wake au kwa bibi yake. Sikiliza vizuri ni ipi kati ya hizo mbili, utajifunza mengi kuhusu siku zake. Akikwambia ng'ombe wako asubiri, maji bado, muulize ni nani anayekunywa kwanza.

Shangazi